Mtoto wa usonji asiyesema: mwongozo wa kumfundisha kuwasiliana, kuanzia jikoni mpaka darasa la awali

Kuna neno moja linalowachosha watoto wa usonji katika nyumba nyingi: "Sema." Sema maji. Sema mama. Sema shikamoo. Mtoto wa miaka minne huenda akalisikia neno hilo kuliko anavyosikia jina lake, na kila likitamkwa anazidi kuamini kwamba mtu mzima akimsogelea anakuja kumpa mtihani. Ninawaomba wazazi, bibi, dada wa kazi na walimu wa chekechea waliweke pembeni kwa muda. Wamfundishe kwanza jambo linalotangulia maneno, yaani kwamba akifanya kitu kwa makusudi mbele ya mtu, mtu yule ataelewa na jambo litatokea.

Mwongozo huu unawahusu watoto wa miaka mitatu hadi sita hivi, wenye usonji, ambao hawana maneno kabisa au wana machache yasiyotumika kila siku. Mifano ni ya huku Nyanda za Juu Kusini, ambako mtaalamu wa lugha na matamshi ni adimu na nauli ya Dar es Salaam si ya kila mwezi. Vifaa vingi utavikuta jikoni.

Kabla ya lolote: masikio, kimeo na dawa za kuuziwa

Mpeleke akapimwe masikio. Usiseme, "Anasikia huyu, mbona nikifungua biskuti anakuja mbio?" Mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine, na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu bila yeye kulalamika. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Iringa na Njombe zipo hospitali za rufaa za mkoa. Ukifika sema wazi: "Mtoto haongei, haitiki akiitwa, naomba apimwe masikio na ukuaji." Kama aliwahi kuwa na maneno akayapoteza, au kuna nyakati anakodoa macho na kama kuondoka kwa sekunde kadhaa, au anaanguka na kukakamaa, litaje hilo mwanzoni. Kifafa huwapata watoto wa usonji zaidi ya watoto wengine, na mara nyingi kinadhibitiwa kwa dawa.

Kisha kuna suala la kimeo. Mtoto akichelewa kusema, jirani hakosi kumtaja mkata kimeo. Kimeo hakizuii maneno. Kukikata ni kumtia mtoto kidonda kooni, damu na hatari ya maambukizi, halafu anarudi nyumbani vilevile, isipokuwa sasa anaruka mtu akimgusa mdomo. Utando wa chini ya ulimi nao ni hivyohivyo: mtoto wa usonji hajanyamaza kwa sababu ulimi umefungwa.

Chanjo haikumletea usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha, Lancet, mwaka 2010. Wala hakuna sharubati, vidonge au mlo maalumu unaoleta lugha. Anayekuuzia kopo la "dawa ya usonji" anakuuzia kopo. Pesa hiyo itakufaa kuchapishia picha, kama utakavyoona mbele.

Hatua ya kwanza: andika anavyowasiliana sasa hivi

Watu husema "huyu hawasiliani kabisa", na karibu kila mara si kweli. Chukua daftari, kwa siku mbili tatu andika kila anachofanya anapotaka kitu, anapokataa, na anapofurahi. Utaona mengi. Anakushika kifundo cha mkono na kuusukuma mkono wako kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Anasimama mlangoni ameshika kiatu kimoja. Anasukuma sahani. Anajitupa chini pale tu unapozima redio. Anarudia tangazo la redio neno kwa neno akiwa na njaa, kwa sababu siku moja tangazo hilo lilikuwa hewani wakati anakula.

Upande wa pili wa ukurasa andika vitu anavyovipenda yeye. Usiandike vile ambavyo ungependa avipende. Kama anapenda kifuniko cha sufuria kinachozunguka sakafuni kuliko mwanasesere uliyemnunulia soko la Mwanjelwa, Mbeya, andika kifuniko. Parachichi, kupulizwa usoni, honi ya bajaji, kubebwa mgongoni kwa kitenge na kurukishwa, kumwaga mchanga: vyote viingie. Orodha hii ndiyo itakayoendesha kila hatua inayofuata. Mtoto hana haraka ya kuomba kitu asichokitaka.

Hatua ya pili: mpe sababu ya kukutafuta

Mama anayempenda mtoto wake hujua haja yake kabla haijatokea. Uji umeshapozwa, kijiko kiko mkononi, mlango umeshafunguliwa. Ni upendo mtupu, lakini mtoto habaki na sababu yoyote ya kumwambia mtu kitu.

Basi panga nyumba upya kidogo. Kile kifuniko akipendacho kiweke juu ya kabati anapokiona lakini hakifikii. Karanga zitie kwenye kopo linaloonyesha ndani lenye mfuniko mgumu, umpe kopo lenyewe mkononi. Ndizi ikate vipande vidogo, umpe kimoja, vingine vibaki kwako. Mpe kikombe bila uji, kisha kaa. Anza mchezo anaoupenda, uukatishe katikati.

Kuna mpaka hapa ambao sitaki uvukwe. Mlo wake, maji yake ya kunywa na blanketi lake havifundishiwi kwa kunyimwa. Mtoto mwenye njaa hajifunzi, analia, na ana haki ya kulia. Fundishia kwa nyongeza, kwa vitafunwa na kwa michezo.

Hatua ya tatu: nyamaza, hesabu mpaka kumi

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na inamshinda mtu mzima, si mtoto. Tumezoea kuuliza swali, na kabla mtoto hajajibu tunauliza la pili, halafu tunajibu wenyewe. Watoto wengi wa usonji wanahitaji muda mrefu zaidi kulipokea neno na kupanga mwili ujibu. Kaa chini, uso wako uwe usawa wa uso wake au chini kidogo, fungua macho kama mtu anayengoja habari njema, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

Wakati wa kuoga ni mahali pazuri pa kujizoeza. Juni na Julai baridi ya Mbeya na Njombe inauma, na karai la maji ya uvuguvugu jioni ni starehe kwa watoto wengi. Mmwagie kikombe kimoja mgongoni, useme "Mwaaa!" Cha pili, "Mwaaa!" Cha tatu kinyanyue, kisimamishe hewani, nyamaza. Tazama. Hatageuka na kusema "tena", usilingoje hilo. Utaona bega limepanda kidogo akijiandaa, au shingo imegeuka, au kidole kimegusa ukingo wa kikombe. Hapohapo sema "Tena!" umwage. Bega likipanda kesho umwage, keshokutwa umwage, na siku moja bega halitatosha: atakutazama, au atatoa kisauti. Kama anatetemeka, usingoje. Mwogeshe umfute, mtacheza mchezo huo siku ya jua.

Kinachohesabika ni chochote alichokielekeza kwako: kutazama, kugusa, kusogea, sauti yoyote. Mpe haraka. Ukingoja mpaka alie umechelewa, maana utakuwa umemfundisha kwamba kilio ndicho kinachofungua kopo.

Hatua ya nne: mweke picha mkononi

Wazazi wengi huogopa hapa. "Mwalimu, tukimzoesha picha si ndiyo hatasema tena?" Hofu hiyo inaeleweka, ila ushahidi uko upande mwingine. Watafiti waliochunguza watoto waliopewa picha, ishara au vifaa vya kusemea (vinavyotoa sauti mtoto akigusa picha) hawakukuta kwamba njia hizo zinazima sauti. Baadhi ya watoto waliongeza maneno ya mdomo. Mwaka 2014 Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 61 wa miaka mitano hadi minane wenye maneno machache sana. Waliokuwa na kifaa cha kusemea tangu mwanzo, pamoja na mafunzo ya mchezo na lugha, ndio waliowasiliana zaidi kwa hiari yao.

Tena hatujui mapema ni mtoto yupi atakayekuja kusema. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, uliangalia watoto 535 wa usonji ambao walipofika miaka minne walikuwa bado hawaungi maneno. Asilimia 70 kati yao baadaye waliunga maneno, na asilimia 47 wakazungumza kwa ufasaha. Kwa hiyo miaka minne si mwisho wa safari, lakini pia wapo ambao maneno hayakuja. Wote hao, wa kundi hili na lile, walihitaji namna ya kuomba maji leo.

Ukitaka kumshawishi babu anayesema picha ni mambo ya bubu, mtajie Neema Crafts ya Iringa, kituo kilichoanza mwaka 2003. Mgahawa wao una wahudumu viziwi, na wateja huandika wanachotaka kwenye karatasi. Chai inafika mezani na hakuna aliyepaza sauti.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha kwa simu vitu vitano sita vya kwenye orodha yake, kimoja kimoja, juu ya kitambaa cheupe ili kisichanganyike na vingine. Chapisha stesheneri kwa ukubwa wa boksi la kiberiti, bandika kwenye kipande cha katoni, funika na selotepu pana pande zote maana vitatafunwa. Nyuma weka kipande cha ule utepe wa kunata unaofunga viatu vya watoto. Mafundi cherehani wanao. Utepe mwingine ubandike kwenye jalada gumu la daftari, picha zikae hapo. Huna pesa ya kuchapisha? Kata ganda la biskuti lenyewe, au nembo ya pakiti ya maziwa. Na kama mtoto bado haelewi kwamba picha ni ya kitu, tumia kitu chenyewe: kikombe kitupu kinamaanisha uji, kipande cha kitenge kinamaanisha kubebwa.

Njia ninayoieleza ilianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, na inajulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, PECS, yaani mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha. Mwanzoni inahitaji watu wazima wawili. Mama anakaa mbele ya mtoto, ana vipande vya ndizi kiganjani. Kati yao sakafuni ipo picha moja tu, ya ndizi. Baba, au dada mkubwa, anakaa nyuma ya mtoto na hasemi neno.

Mama anaonyesha ndizi. Mtoto ananyoosha mkono kuichukua. Mkono ukiwa njiani, aliye nyuma anauelekeza taratibu kwenye picha, anamsaidia kuiokota na kuiachia kwenye kiganja cha mama. Picha ikigusa kiganja tu, mama anasema "Ndizi!" kwa furaha na kumpa. Asichelewe. Asiseme kwanza "umefanya vizuri mwanangu, haya sasa tena". Kabla ya hapo hakuna aliyeuliza "unataka nini?", hakuna aliyesema "chukua picha". Tukiuliza kila mara, mtoto atajifunza kwamba picha inatolewa pale anapoulizwa, na asipoulizwa atakaa na kiu yake.

Aliye nyuma aanze kupunguza msaada kutokea mwishoni. Kwanza aache mtoto mwenyewe aachie picha kiganjani. Akiweza, aache aipeleke mwenyewe. Mwisho aache aiokote mwenyewe. Kwa mtoto mmoja inachukua kikao kimoja, kwa mwingine wiki kadhaa. Akikataa kushikwa mkono, usishindane naye. Sogeza picha karibu zaidi na mkono wake, au msaidie kwa kugusa kiwiko tu. Mtoto aliyekwishaogopa mkono wa mtu nyuma yake hatajifunza kitu kizuri kutoka kwa mkono huo.

Akizoea, mama asogee. Hatua moja, mbili, mpaka chumba cha pili. Daftari nalo lisogee. Mtoto anayebandua picha ukumbini, akamtafuta mama jikoni na kumtilia kiganjani, amevuka mto mkubwa: ameelewa kwamba ujumbe unapelekwa kwa mtu. Watu hupenda kuruka hapa na kukimbilia picha ishirini ukutani. Usiruke. Picha za ukutani mtoto anaweza kuzigusa peke yake chumba kizima kikiwa kitupu, na hakuna aliyeambiwa.

Ndipo uongeze picha ya pili. Iwe ya kitu asichokitaka hata kidogo, kama soksi, ili tofauti imfundishe. Akitoa soksi, mpe soksi, usimcheke. Halafu mwonyeshe ndizi, mwelekeze kwenye picha ya ndizi. Baadaye weka mbili anazozipenda zote, kisha nne, kisha ukurasa. Kuunga "Nataka" na "ndizi" kwenye kipande kimoja kunakuja baada ya hapo, na hakuna haraka.

Hatua ya tano: na wewe ongea kwa picha

Mtoto mwingine husikia Kiswahili miezi mingi kabla ya kutamka neno, lakini mtoto wa picha tunategemea azitumie bila kumwona mtu yeyote akizitumia. Tengeneza ubao mmoja wa katoni, picha au michoro kumi na mbili hivi, ukae jikoni: tena, basi, sitaki, nisaidie, choo, inauma, nje, maji, kula, mama, baba, bibi. Unapoongea naye, gusa picha huku ukisema. Unafunga genge lako la nyanya ili mwingie ndani, gusa "basi". Umekwama kufungua kopo, gusa "nisaidie" umkabidhi baba. Usimdai arudie. Unamwonyesha tu, siku nzima, na wengine nyumbani wafanye hivyo.

Mwenye simujanja anaweza kupata programu za bure zenye picha zinazotoa sauti. Chagua inayokuruhusu kurekodi mwenyewe, urekodi sauti ya dada yake au ya mtoto wa jirani wa rika lake. Ni sauti ya mtoto anayoihitaji. Simu hiyo isiwe ileile ya katuni, maana katuni zitashinda. Katuni hazisababishi usonji, lakini saa tatu mbele ya kioo ni saa tatu ambazo hakuna mtu aliyemngoja ajibu.

Jihadhari na mtu anayekuja na njia ya kumshika mtoto mkono au kiwiko ili "aandike" sentensi ndefu kwenye herufi. Vipimo vimeonyesha mara kwa mara kwamba anayeandika ni mshikaji. Jumuiya za wataalamu wa lugha na matamshi, ikiwemo ile kubwa ya Marekani, zinaikataa njia hiyo. Na utofautishe na kile cha hatua ya nne: pale msaada unaondolewa haraka mpaka mtoto anafanya peke yake, huku mshikaji haondoki.

Hatua ya sita: mchezo, ambamo haombi chochote

Kuomba ni nusu tu ya mawasiliano. Nusu nyingine ni kumwonyesha mtu kitu kwa sababu tu kinapendeza: ndege, gari, mwezi. Watoto wa usonji huiona nusu hii ngumu zaidi, na ndiyo ambayo mafunzo ya kina Kasari yanaitilia mkazo, kwa sababu inaendana na ukuaji wa lugha baadaye.

Dakika kumi, mara mbili kwa siku, kaa sakafuni na vitu vya jozi: vizibo vingi, makopo mawili, vijiti. Yeye akipanga vizibo mstari, na wewe panga wako mstari kando yake. Akigonga, gonga. Usimsahihishe. Kwa watoto wengi, kuigwa huamsha macho. Atasimama, atakutazama kuona kama utafuata tena. Mkishapata mdundo, ongeza kitu kimoja kidogo: kizibo ndani ya kopo, kikalia "kringi!" Akifuata, vizuri. Asipofuata, rudi kwenye mstari wake.

Mnapotoka, onyesha kwa kidole vitu vichache anavyovijali yeye, kwa neno moja: "Bajaji!" Kidole kiwe karibu na kitu mwanzoni. Akikuletea jani au jiwe na kukuwekea mkononi, acha kila unachofanya. Hajaomba chochote hapo, amekuonyesha.

Maneno yako yawe mafupi, na yawe yake

Kwa mtoto asiye na neno, sema neno moja au mawili. "Maji." "Maji moto." "Viatu, twende." Sema kama yeye angesema. Ukimpa kikombe kila siku kwa "Unataka maji?", siku atakayoanza kukuiga ataomba kwa kusema "Unataka maji?", na wageni watadhani anawakaribisha. Sema "Maji" au "Nataka maji", ukimpa. Chaguo likishafanyika nyumba nzima ilifuate. Leo "naomba", kesho "nipe", keshokutwa "lete" ni kumchanganya bure.

Mtoto anayerudia maneno kama kasuku hajacheza tu. Sikiliza ni wapi anarudia. Lile tangazo la redio lilikuwa na maana ya njaa. Mjibu "Kula", mpe chakula, usimwambie anyamaze.

Familia nyingi huambiwa ziache Kinyakyusa, Kihehe au Kibena zibaki na Kiswahili kitupu ili mtoto asichanganyikiwe. Tafiti za watoto wa usonji wanaokulia kwenye lugha mbili hazikukuta kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Bibi wa Tukuyu anayelazimishwa Kiswahili ataongea kidogo na kuchoka, na mtoto atakuwa amempoteza mtu wa kuzungumza naye. Aendelee na Kinyakyusa chake, kwa maneno mafupi.

Na shikamoo? Wakubwa huiona kama kipimo cha malezi, na mama hushikwa na aibu mlangoni kwa watu. Mfundishe mtoto salamu ya mwili: kunyoosha mkono, au kuinamisha kichwa kiguswe. Mweleze mkubwa kabla hajafika kwa mtoto: "Mama, shikamoo. Mjukuu wako salamu yake ni mkono, mpe nafasi kidogo atakupa." Wengi huitikia "marahaba" kwa mkono huo na maisha yanaendelea.

Anapopiga kelele au kuuma

Tazama kilichotangulia. Kwa kawaida alikuwa anasema mojawapo ya haya: sitaki, nisaidie, inauma, kelele imezidi, au nipe. Mfundishe "sitaki" mapema sana, kabla ya "asante". Mpe kitu asichokipenda, tuseme mlenda. Mkono wake ukiinuka kusukuma, msaidie agonge picha ya "sitaki", uondoe mlenda mara moja. Mzazi huuliza, je akikataa kila kitu? Kuna mambo yasiyokataliwa, kama dawa na kuvuka barabara, hapo utamwambia "najua hutaki" na kuendelea. Mengine mengi, mwache akatae.

Katikati ya kilio usifundishe. Punguza sauti, punguza watu, ngoja apoe. Na mtoto aliyebadilika ghafla, anajipiga shavu au sikio, mchunguze meno na masikio kabla ya kumwita mkorofi.

Kaka, dada na mwalimu

Ndugu zake ni wazuri mno wa kutafsiri. "Anataka uji huyo," na uji unakuja. Wape kazi mpya: wao ndio viganja vya kupokelea picha, na wao ndio wa kuhesabu mpaka kumi. Watoto wanalipenda jukumu hili na wanalisimamia kwa ukali kuliko wazazi.

Darasa la awali lina watoto wengi na mwalimu mmoja; usimpelekee faili. Mpelekee daftari la picha, na karatasi moja yenye mistari minne: anaombaje, anakataaje, choo anakionyeshaje, nini kinamtuliza. Omba picha ya choo ining'inie mlangoni kwa usawa wa macho ya watoto wote. Itawasaidia na wengine. Shule ikisema haipokei watoto wa aina hii, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya elimu kama wenzake. Nenda kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri, uulize pia ni shule gani ya jirani yenye kitengo cha elimu maalumu. Nenda kwa upole, lakini nenda na jina la sheria hiyo mdomoni.

Daftari la kila wiki

Mara moja kwa wiki andika: aliomba nini, kwa njia gani, nani alimsaidia, na mara ngapi alianza mwenyewe bila kuulizwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Ikikaa vilevile kwa wiki nne tano mkiwa mnafanya kazi kweli, badilisha kitu: labda ameshachoka na ndizi, labda picha ni ndogo, labda kuna mtu nyumbani bado anampa kabla hajaomba. Daftari hilohilo uende nalo hospitali. Daktari mwenye dakika chache ataelewa mengi kutoka kurasa tatu kuliko kutoka kwa "haongei, daktari".

Jambo la mwisho ni la usalama. Mtoto asiyesema akipotea sokoni Mwanjelwa au kwenye msongamano wa stendi hawezi kutaja jina la baba. Shonea ndani ya sweta kipande cha kitambaa chenye namba mbili za simu na maneno "Siongei, naelewa, mpigie mama". Sweta za akiba nazo zishonee, na ile ya shule.